Mdiria Juu ya Mpini wa Jembe

Mara ya kwanza kupigwa picha nilifumba macho. Ilikuwa siku ya komunyo ya kwanza, mimi mtoto wa miaka tisa au kumi hivi (mama hakuandika popote, alihesabu kwa mavuno ya kahawa), tukapangwa mbele ya kanisa watoto kumi na wanne na mishumaa mikononi, mpiga picha akapandishwa kutoka mjini na sanduku lake la miguu mitatu na kitambaa cheusi, akajifunika kichwa kama mtu anayejifukiza, akasema tazameni hapa, na mimi nilikuwa nimetazama tangu asubuhi mpaka macho yanatoka machozi, basi pale pale alipobonyeza ndipo nikayafumba. Picha ilipoletwa, wenzangu wote kumi na watatu wanatazama, mimi nimelala. Mama akaitundika hivyo hivyo ukutani karibu na msalaba, ikakaa pale miaka na miaka ikiliwa na moshi, na kila mgeni aliyekuja kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, aliuliza, huyu mtoto wa pembeni ni kipofu? Na mama anajibu bila kugeuka, anaendelea kumenya ndizi zake, "Anaona. Siku ile tu hakutaka."

Nacheka nikikumbuka, ila si kicheko cha raha, kwa sababu mara ya pili picha ilipoingia maishani mwangu sikuwemo mimi ndani yake, alikuwemo ndege, tena ndege wa kutosha kwenye kiganja, na ndiye aliyenitoa Mabogini, bondeni nilikokuwa nalima. Aibu nimezipata nyingi (niliwahi kutumbukia kwenye pipa la mbege mbele ya wakwe, wengi wenu mnalijua hilo), lakini hiyo ya pipa unajipangusa na unacheka na wenzako. Hii ya ndege haijapanguka. Ndiyo maana kwenye harusi ya binti yangu Vero hamnioni katika picha hata moja. Kila kamera ilipoinuka nilikuwa nyuma ya mgomba.

Sisi ni watu wa juu, wa kahawa na migomba, na mimi nilifikiri nitafia kihambani kwangu, shamba la ukoo, kama baba. Lakini miaka ile ya ruksa mambo yalifunguliwa, mitumba ikajaa sokoni, wakaja wanunuzi wa kahawa wa kila namna na maneno ya kila namna, na bei ikashuka mpaka ukawa unachuma kahawa kwa hasira. Nikakata mikahawa nusu (baba angekuwa hai asingenisalimia), shina moja nikalichongea mpini wa jembe, umepinda katikati kama goti la mzee, nikateremka nao bondeni Mabogini kulima mpunga. Mke wangu akabaki juu na ng'ombe, mimi nikajenga kibanda. Mpini ule bonde zima liliujua. Wakiuona umeegemezwa mahali wanasema, Meku hayuko mbali, na Meku ni mzee kwa kwetu, ndivyo walivyoniita.

Sasa mpunga ni maji, na maji Mabogini ni zamu. Mfereji mkuu ni mmoja, unagawanyika mifereji mitatu midogo, kila mmoja una siku zake. Siku zako zikipita hujapata, unangoja wiki nzima, na wiki nzima ya jua la bondeni kwa mpunga unaochanua ni kifo, kwa sababu suke linatoka zuri, limesimama wima, ukilishika ni mapepe, maganda matupu bila punje. Ndiyo maana palikuwa na mgawa maji. Huyo peke yake ndiye aliyekaa na mpini wa chuma wa kupandisha na kushusha malango, na anachaguliwa mkutanoni kwa kunyoosha mikono. Walinichagua mimi, niliyeishia darasa la tatu. Aliyenitaja ni Mama Ndeshi, mjane wa kijiji changu kule juu, naye aliteremka kama mimi, alikuwa na majaruba matatu kwenye mfereji wa tatu. Alisimama akasema, "Mwekeni Baba Vero. Hana Kiswahili kingi cha kutuzungushia, na tangu namfahamu hajala cha mtu."

Miaka minne nikagawa maji kwa vidole. Lango nalipandisha vidole vinne, au kiganja, au viganja viwili, kila mfereji na kipimo chake kulingana na mto ulivyo, na watu wakinipita njiani hawaulizi habari za nyumbani, wanauliza, "Meku, vidole vingapi leo?" nami nasema, na nikisema imekwisha, hakuna anayebisha. (Saa yangu ya mkononi, hili nalo niliseme, ilikuwa imekufa kwenye saa saba kasoro robo tangu sijahamia bondeni. Niliivaa tu. Nikiulizwa saa natazama mkono, natazama jua, nasema saa ya jua, na hakuna aliyewahi kugundua.)

Ndipo akaja Amirali. Huyu alikuwa fundi saa mjini Moshi, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kinashinda changu na Kichagga cha sokoni anakijua, mtu mwembamba, mpole, mwenye vidole vya kushika vitu vidogo. Ijumaa asubuhi hakufungua duka, alingoja sala ya mchana, basi asubuhi hiyo alikuwa anateremka na gari lake bovu na kamera yenye mdomo mrefu kama chupa ya chai, kutafuta ndege.

Mjue bondeni ndege ni adui. Mpunga ukianza kujaa watu wanashinda shambani wakiamia, wanapiga madebe, wanarusha tope kwa fimbo, wanapiga kelele mpaka sauti zinakauka, yote kwa ajili ya kwelea. Halafu anatokea mtu na gari, analala kifudifudi kwenye tuta, anamwambia mwanamke aliyeshika debe, "Taratibu mama, utamfukuza." Mama Ndeshi akamjibu, "Kumfukuza ndiyo kazi yangu, baba. Kama unawapenda wachukue wote, gari si unalo?" Watu wakacheka wiki nzima.

Mimi nilimpenda. Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimeishi na ndege miaka hamsini na kitu nikijua aina mbili tu, wanaokula mpunga na wasiokula, na mtu huyu akalala kwenye tope kando yangu akaninyooshea kidole, yule anatembea juu ya majani ya majini kwa vidole vyake virefu, yule mwenye mdomo usiofunga katikati anakula konokono, yule ametoka mbali sana na atarudi huko, nami nikawa natazama kama mtu aliyepewa macho ya mkopo. Ijumaa ikifika nalala kifudifudi na mimi. Habari zikapanda mpaka juu kwa mke wangu, na Jumapili moja ananiwekea mtori mezani huku akisema, "Nasikia siku hizi unatambaa."

Kuliko wote Amirali alimtaka mdiria, yule mdogo wa buluu, kifua rangi ya kutu, mdomo mwekundu mrefu kuliko akili yake, anayejikunyata juu ya maji kama ana baridi halafu anadondoka kama jiwe na kuibuka na samaki. Alikuwa anavua kwenye mfereji wa pili, chini kidogo ya lango, na wiki tano mfululizo alitukimbia. Akawa anapita tu, mstari wa buluu, basi.

Ijumaa ya sita Amirali alikuja amenyong'onyea. Filamu imebaki picha tatu, na juma linalofuata anasafiri, akirudi ndege huenda amehama. Tukaenda mpaka mahali petu, mfereji wa pili mkavu, mchanga unang'aa, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi zilikuwa siku za mfereji wa tatu. Akautazama ule mchanga. Hakuniomba kitu, nataka mlijue hilo, mtu yule hakuniomba kitu. Alisema, "Basi, Mzee Aloisi, si riziki," akaanza kufunga mfuko wake. Ni mimi niliyesema, "Subiri."

Vidole vinne, nilijiambia. Muda wa mtu kuvuta sigara moja. Watu wa mfereji wa tatu hawatajua. Nikachomeka mpini wa chuma langoni, nikapandisha vidole vinne, maji yakaja yanajikokota na povu na majani makavu, lakini machache, hayafichi hata kisigino. Nikapandisha kiganja. Mdiria akapita, akazunguka, hakutua, maana matete aliyokuwa anakalia tulikuwa tumeyafyeka Jumatatu tukisafisha mfereji. Basi nikachukua jembe langu, nikalikita kwenye ukingo, mpini umeinama juu ya maji, na kwa kuwa maji yalikuwa bado machafu nikaona niongeze yatulie, nikafika viganja viwili. Viganja viwili wakati wa kiangazi ni kusema mfereji wa tatu haupati tone. Nilijua. Mikono yangu ilikuwa inajua kipimo hata kama nimelala.

Tukalala kwenye tuta. Na akaja. Akatua juu ya mpini wa mkahawa, pale kwenye goti lake, akajikung'uta, akageuza kichwa, na jua likampiga ubavuni, na sitawadanganya, lilikuwa jambo zuri. Kamera ikalia mara tatu, ndege akadondoka majini, akatoka na kitu kinachometameta, akaenda zake.

Amirali akanishika mikono yote miwili, macho yamemlowa, na katika kunishika akaiona saa yangu. "Mzee, saa yako imesimama."

"Tangu zamani."

"Zamani lini? Twende. Twende sasa hivi, naitengeneza kabla ya sala, naapa hulipi hata senti."

Na kwa kuwa sala ilikuwa karibu alikuwa na haraka, na kwa kuwa alikuwa na haraka nami nikawa nayo, nikachomoa mpini wa chuma nikautia mfukoni kwa mazoea tu, nikaingia garini, nikakaa mbele kama diwani, nikipungia watu mkono. Lango likabaki juu. Jembe likabaki limesimama. Mjini nikala sambusa za mke wake, saa ikafufuka, na kutoka pale nikapanda juu kwangu moja kwa moja, maana kesho yake Jumamosi nilikuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa kaka yangu.

Nililikumbuka lango kanisani. Padre alipomimina maji kichwani kwa yule mtoto, maji yakamtiririkia kidogo shingoni, mimi nimemshika, ndipo nikaliona lango langu, bado liko juu. Mngeona uso wangu mngedhani mimi ndiye ninayebatizwa. Ningeweza kuondoka. Saa yangu iliyofufuka ilikuwa inasema saa nne na robo, ningeshuka, saa saba ningekuwa langoni, mfereji wa tatu ungepata nusu ya siku. Lakini baba wa ubatizo anaondokaje kabla hajabariki mezani, halafu mbuzi akawa bado anaiva, halafu kaka akanipa kata ya mbege ya heshima, halafu ya pili. Nikasema maji yameshapotea, hata nikikimbia. Nikashuka Jumapili alfajiri.

Jirani wa lango lile alikuwa Zakayo, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, mtu wa Singida aliyekuja kukata miwa kwenye mashamba ya sukari, akaacha, akakodi jaruba moja la mwenyewe fulani wa mjini. Msimu wa nyuma alikamatwa akiinua lango kwa mtaimbo, akafungiwa maji zamu moja, akaomba radhi, yakaisha. Nikamkuta asubuhi hiyo amesimama kwenye tuta lake, miguu ndani ya maji. Shamba lake limejaa pomoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nilitaka kulifunga, ila mpini unao wewe."

"Najua."

Nikalishusha lango. Nikang'oa jembe langu. Nikamwuliza kama Mama Ndeshi alikuja, akasema, "Ijumaa walidhani mto umepungua. Jana alituma mtoto kibandani kwako, hukuwepo." Basi. Sikumwomba anyamaze. Laiti ningemwomba, maana angalau ningekuwa nimekiri kwa mtu mmoja.

Jumatatu watu wa mfereji wa tatu wakaja na mwenyekiti, wamekasirika kwa haki, mpunga wao uko kwenye kuchanua na ardhi imeanza kupasuka. Wakapita lango kwa lango. Malango yamefungwa vizuri, na chini ya lango la pili jaruba la Zakayo lina maji ya magotini siku isiyo ya kwake. Mtu hahitaji shule kujumlisha hapo. "Umerudia," mwenyekiti akamwambia. "Tulikusamehe, umerudia."

Zakayo akasema, "Sikufungua mimi. Aliyefungua anajijua." Na akanitazama. Hakunitazama kwa ubaya, alinitazama kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kufunga kiatu watembee pamoja.

"Mgawa maji, unasemaje?"

Nikasema, "Nilipokuja nilikuta maji kwa Zakayo."

Ni kweli, si ndiyo? Nilikuta maji kwa Zakayo. Yalikuwepo kwangu pia, jaruba la tano kutoka pale, ila nani atakwenda kupima tope la mgawa maji. Mbele ya watu wote sikusema hata neno moja la uongo. Wakamfungia zamu mbili, na anayefunga ni nani, ni mimi, kwa mpini ule ule wa chuma, huku yeye amesimama hatua tatu kutoka kwangu na mpunga wake nao umechanua, mweupe kama umenyunyiziwa unga. Saa yangu ilikuwa inatembea. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilijua ni saa ngapi hasa, ilikuwa saa tatu na nusu.

Mengine yalikwenda yenyewe. Mama Ndeshi alivuna, akapepeta, upepo ukachukua karibu yote, akakaa chini kwenye turubai akatazama kilichobaki, ungo mmoja na kitu, wa kula yeye na wanawe watatu mpaka msimu mwingine. Zakayo hakuvuna kabisa. Mwenye jaruba akaja kutoka mjini, akatazama, akasema siwezi kumwachia shamba mwizi asiyejua hata kuiba vizuri, akampa mtu mwingine. Nikamwona siku anaondoka, godoro juu ya baiskeli, mkewe na mtoto mgongoni wanafuata. Walipita mbele ya kibanda changu. Nilifikiri atanitukana, nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa hata nayataka yale matusi. Akasimamisha baiskeli.

"Shikamoo mzee."

Nikajibu marahaba. Mkewe pia akanisalimia. Wakaenda.

Mtu mwenye akili hapo angekwenda mjini akamwambia Amirali aichome picha ile. Mimi sikuona inahusiana vipi. Kichwani mwangu picha ilikuwa ya ndege. Tena katika majuma yale mabaya, ndicho kitu pekee kizuri nilichokuwa nacho, nikawa nakisimulia kwa kila mtu, mtamwona ndege wa mfereji wetu, mtashangaa, mpaka watu wakawa wanaingoja. Amirali alipokuja kusema ameikuza na kuitia fremu, atanipa zawadi, nikamwambia ailete siku ya mkutano wa kufunga msimu, siku ya kumchagua mgawa maji. Nilitaka watu waione pale, wanyooshe mikono wakiwa wamefurahi. Kama sikusema mapema kwamba mimi ni mpumbavu, nisamehewe, niliona mtafika wenyewe.

Mkutano ulikuwa ndani ya ghala la mabati, joto linakaanga, watu themanini hivi. Nilivaa koti la mitumba lenye nembo ya shule ya huko Ulaya kifuani na mikono inayofika kwenye vidole. Amirali akaja, akakaribishwa mbele, nami nikasimama nikatoa hotuba (mimi), kwamba sisi tunawafukuza ndege lakini huyu ndugu yetu ametuonyesha kwamba na sisi tuna mali, na sasa mtaiona. Fremu ikaanza kupita mikononi.

Ilipendwa. Wakasema angalia mdomo, angalia kifua, kumbe huyu ndiye anayetuibia samaki. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Na jembe la Meku, angalia, goti lake hili hapa," na watu wakacheka, nami nikainama kidogo kama mtu anayepongezwa. Mwenyekiti akasema kazi nzuri. Ikafika kwa Mama Ndeshi.

Aliishika mbali na uso, maana macho yake ya karibu yalikuwa hayaoni vizuri. Alitabasamu. Halafu akaisogeza karibu hata hivyo, akakaa nayo. Waliomfuata wakanyoosha mikono, hakuwapa.

"Ndege mzuri," akasema. "Huu mpunga wa nyuma ni wa Zakayo."

Mtu akasema, ndiyo, ni pale langoni.

"Unachanua."

Pale ndipo ghala lilipoanza kunyamaza, si mara moja, ni kama madebe yanavyonyamaza jioni, moja, moja. Kila mkulima mle ndani anajua mpunga unachanua siku chache tu, na kila mmoja alijua mpunga wa Zakayo ulichanua wiki gani. Mama Ndeshi akaweka kidole kwenye kioo. "Lango hili liko juu. Viganja viwili. Na mpini wa chuma umo langoni." Akaipindua fremu, akampa katibu wetu, Bi Hawa. "Kuna maandishi huku. Nisomee."

Fundi saa ni fundi saa. Bi Hawa akasoma, sauti inapungua anavyokwenda, jina langu, jina la ndege, halafu Ijumaa, na tarehe yake, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

Mama Ndeshi akamgeukia Amirali. "Baba, Ijumaa mfereji huu hauna maji. Siku hiyo yalitoka wapi?"

Na Amirali, mtu wa watu, ambaye hakujua lolote, ambaye alikuwa anatafuta tangu asubuhi mahali pa kunisifu, akatabasamu, akasema, "Mzee alinifungulia mwenyewe. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Mzee Aloisi ana moyo mzuri sana."

Nilikuwa bado nimesimama. Sikuwa na mahali pa kuweka mikono, ile mikono ya koti ilikuwa imeifunika. Nilingoja mtu apige kelele. Mwenyekiti alikuwa anatazama sakafu. Nikaona niseme kuhusu Mama Ndeshi na mpunga wake, kwamba nitamlipa kwa mpunga wangu uliokuwa bado umesimama shambani, umeiva, ungevunwa wiki hiyo. Nikaanza, "Mama Ndeshi, mpunga wako..."

"Mapepe yangu nilishayatupa," akasema. Hakupandisha sauti. "Baba Vero, Zakayo alikwenda wapi?"

"Sijui."

"Hukumwuliza?"

"Hapana."

"Na alikuona?"

Nikasema ndiyo, aliniona.

Akaiweka fremu juu ya meza, ndege akitazama juu. Na mimi, hapo ndipo nilipomkumbuka mama na picha yake ya ukutani, na jinsi alivyokuwa akiwajibu wageni, na nilitamani awepo mtu wa kunijibia hivyo, lakini wote mle ndani walikuwa wananijua vizuri kuliko wageni.

Nikauchomoa mpini wa chuma mfukoni, nikauweka mezani kando ya picha. Nikatoka. Nyuma nilisikia Amirali akiita, "Mzee, picha yako," halafu mtu akamnyamazisha, nadhani walikuwa wanamweleza, na hilo nalo limeniuma, kwamba aliambiwa.

Sikupita kibandani. Jembe likabaki mlangoni, mpunga wangu ukabaki umesimama, sijui aliuvuna nani, mtu au ndege. Nikashika njia ya kandokando ya mfereji mkuu kuelekea barabarani, koti langu la shule ya watu likinigonga magotini. Kwenye lango la kwanza nilimkuta bibi mmoja, mlezi wa wajukuu, hakwenda mkutanoni kwa sababu ilikuwa zamu yake ya maji na hakutaka impite. Alikuwa amekaa ukingoni na jembe lake, ananingoja. Alinitazama nikija, akainuka, akakunja kanga yake.

"Meku," akasema, "vidole vingapi leo?"

Nikapita. Sijarudi tena Mabogini.